Bido la Maji ya Kilindini

Kila asubuhi Mwanvua alikuwa na kazi tatu. Alitandaza ndagala, dagaa wa ziwa letu, juani. Alifukuza kunguru. Kisha aliuliza maswali.

Hiyo kazi ya tatu ndiyo aliyoiweza kuliko zote. Ninajua, kwa sababu mimi ndiye mwalimu wake wa kusoma. Jina langu ni Eliana. Ninafundisha watu wazima hapa Rumonge, mji wa ziwani Burundi, alasiri tatu kwa wiki. Wanafunzi wengine wakishalisoma neno, wanafurahi na kuendelea. Mwanvua hapana. Ukimwandikia "samaki", atakuuliza kwa nini samaki hafumbi macho. Siku nyingine kipindi kizima kinaisha, na chaki yangu bado nzima.

Mume wake, Kassimu, ni mvuvi. Anarudi kutoka ziwani jua likichomoza, na kila siku analeta vitu viwili: ndagala wa kuuza na bido la njano lililojaa maji. Bido ni dumu la plastiki. Maji hayo Kassimu anayachota mbali sana, kilindini, ambako ziwa lina rangi ya bluu iliyokolea. Ni maji maangavu na ya baridi. Mgeni akifika kwa Kassimu, hapewi maji ya bomba. Anapewa maji ya kilindini. Halafu Kassimu anakaa kumtazama akinywa, kama vile maji hayo ameyapika mwenyewe.

Bido hilo lilikuwa na sheria moja. Halikuoshwa kwa sabuni hata siku moja. Baba yake Kassimu, marehemu mzee Amuri, alimfundisha kwamba harufu ya sabuni ndani ya mtumbwi inafukuza ndagala. Kwa hiyo Kassimu alilisuuza tu mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa, kabla ya kwenda kuvua. Miaka tisa bido hilo halikujua sabuni ni nini.

Kiwanja chao kina milango miwili inayotazamana. Mlango wa pili ni wa Scovia. Scovia alizaliwa katika kambi ya wakimbizi Tanzania, akarudi Burundi akiwa na watoto wawili. Anauza mandazi. Anaongea Kiswahili cha Kigoma, na majirani walipenda kumwiga na kumcheka. Mwanvua hakuicheka lugha yake. Walikuwa marafiki. Waliazimana chumvi, sufuria, hata viatu vya kwenda sokoni.

Kisha siku moja moshi wa jiko la Scovia ukaingia kwenye ndagala wa Mwanvua. Wakagombana. Yalitoka maneno mengi, na mwisho Scovia akasema kwa hasira, "Haya, utaona!"

Siku mbili baadaye Nour, binti wa Mwanvua mwenye miaka sita, alikula mandazi kwa Scovia. Kesho yake akaanza kuharisha. Choo kilikuwa cheupe, kama maji yaliyooshea mchele. Alitapika. Kufika saa sita mchana, macho yake yalikuwa yameingia ndani na sauti imekauka.

Mwanvua hakungoja. Hakutafuta dawa za majani, wala hakuuliza mtu. Alimfunga mtoto mgongoni na kukimbia hadi santre, yaani kituo cha afya. Haraka hiyo ndiyo iliyomwokoa Nour. Wauguzi walimtundikia seromu, yaani maji ya dripu, na alipoanza kuweza kumeza wakamnywesha maji ya chumvi na sukari ya pakiti, kidogo kidogo. Siku ya tatu aliomba ugali. Mama yake alilia mbele ya watu wote, naye hakujali.

Lakini kule nyumbani neno lilikuwa limeshazunguka. Sumu. Mtoto amelishwa sumu. Si alikula kwa Scovia? Si Scovia alisema "utaona"?

Kassimu alipeleka mashtaka kwa shefu wa kartie, mkubwa wa mtaa wetu. Shefu alisema atakuja Jumamosi kusikiliza. Wakaaji wakimkataa Scovia, itabidi ahame. Hakuna aliyeuliza atahamia wapi. Tangu siku hiyo hakuna aliyenunua andazi lake hata moja. Watoto wake wawili walikula mandazi asubuhi, mchana na jioni.

Alhamisi, darasani, nilimuuliza Mwanvua, "Una hakika?"

"Mwalimu, alisema nitaona. Na miye nimeona." Aliweka chaki chini. "Lakini iko kitu kinanisumbua. Yule Leonidasi wa labo aliniambia mutoto haiko na sumu. Eti iko vidudu tumboni. Nikamwambia, nionyeshe. Akanionyesha picha ya ukutani."

"Na wewe?"

"Picha ni picha tu. Mutu anaweza kuchora simba na mabawa. Miye nataka kuona na macho yangu."

Nilimpenda sana kwa jibu hilo. Nikasema, "Basi twende kesho. Mimi na wewe."

Leonidasi ndiye anayepima damu na choo pale santre. Ni mtu mrefu, mpole, anayeongea kama mtu asiyekuwa na haraka. Alitukubalia Ijumaa alasiri, wagonjwa walipopungua. Alikuwa amemwagiza Mwanvua alete vitu viwili: kitunguu kutoka jikoni kwake, na bido la maji ya kunywa.

"Amahoro, Mama Nour."

"Amahoro, muganga. Nimekuja kuona sumu."

"Sumu miye sina ya kukuonyesha. Nitakuonyesha kile kiko. Weye mwenyewe utasema ni nini."

Juu ya meza ilikuwepo hadubini, ambayo hapa wanaiita mikroskope. Ni chombo chenye bomba fupi na lenzi, yaani vioo vya kukuza. Kitu kisichoonekana kwa macho, hadubini inakikuza mara mamia.

"Tunaanza na bido," alisema Mwanvua.

"Hapana, mama. Tunaanza na kitunguu."

"Juu ya nini?" aliuliza, akitaka sababu. "Kitunguu hakikuua mutu."

"Juu ya nini utaniamini kwa kitu usichokijua, kama hujaniamini kwa kitu unachokijua? Kitunguu ni chako. Umekitoa kwako."

Mwanvua akafikiri, akakubali. Leonidasi alimwambia abandue ngozi nyembamba kabisa, ile inayong'aa katikati ya maganda mawili ya kitunguu. Mwanvua aliibandua kwa kucha. Waliilaza juu ya kipande cha kioo, wakaidondoshea rangi ya kahawia, wakaifunika kwa kioo kingine chembamba.

Mwanvua aliinama, akafumba jicho moja.

"Ninaona! Majani meusi, yanacheza!"

"Hizo ni kope zako, mama. Rudi nyuma kidogo."

Nilicheka. Alinikanyaga mguu bila kuondoa jicho kwenye lenzi.

"Sasa ninaona duara. Duara nyeusi, inang'aa katikati. Mwalimu! Hiyo ndiyo sumu! Iko mpaka mu kitunguu changu!"

"Hiyo ni hewa," alisema Leonidasi. "Pumzi ndogo imebaki chini ya kioo. Kila mutu anayeanza anaiona. Hata miye, siku ya kwanza, niliichora kwa daftari na nikaandika jina la ugonjwa."

Alisogeza kioo. Mwanvua alinyamaza. Alinyamaza muda mrefu, na wanaomjua watanielewa nikisema niliogopa.

"Kuko matofali," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Matofali yamepangwa mustari kwa mustari. Na kila tofali iko na nukta ndani yake."

"Kila tofali moja ni seli," Leonidasi alieleza. "Kitunguu chote kimejengwa na seli. Muhogo pia, mugazi wa mawese pia, kila mumea. Huo mustari unaozunguka tofali ni ukuta wa seli. Ndio unaofanya mumea usimame. Na ile nukta ni kiini. Kiini ndicho kinachoongoza kazi za seli."

"Na hizo tofali ziko ngapi mu kitunguu?"

"Huwezi kuhesabu ukazimaliza."

Akapewa kijiti kisafi, akaambiwa ajikwangue taratibu ndani ya shavu. Safari hii Leonidasi alitumia rangi ya bluu. Mwanvua alichungulia tena.

"Hizi hazina mustari. Haziko na ukuta. Ziko kama chapati zimetupwa tu, moja imekunjika. Lakini nukta iko." Aliinua uso. "Hii ni nani?"

"Ni weye."

"Miye?"

"Ni seli za shavu lako. Mutu na munyama, seli zao hazina ukuta. Ziko na ngozi laini tu ya nje. Ndiyo maana shavu ni laini na muti ni mugumu."

Mwanvua alijishika shavu. Halafu, kwa kuwa ni Mwanvua, alitaka kuona shavu la Leonidasi, na la kwangu, na akauliza kama ndagala naye yuko hivyo. Tulimwonyesha la kwangu. Alichungulia, akachungulia tena.

"Mwalimu, hata siwezi kututofautisha," alisema, na nadhani hakufurahi sana.

Sasa likaja bido. Leonidasi alivaa glavu. Kwanza alichukua tone moja la maji na kuliweka chini ya lenzi. Mwanvua alitazama huku na huku.

"Hakuna kitu!" Alisimama wima. "Umeona, muganga? Ni maji ya kilindini. Nilikuambia."

"Nimeona. Tone ni safi kwa macho. Lakini, mama, ukitupa konzi moja ya chumvi mu kisima, ukaonja tone moja, utaisikia?"

"Hapana."

"Lakini chumvi iko. Vidudu vikitawanyika mu maji mengi, tone moja linaweza kukosa hata kimoja. Mutoto hanywi tone moja. Anakunywa kikombe."

Kisha akafanya jambo ambalo Mwanvua hakulitegemea. Alichukua kijiti kirefu chenye pamba, akakiingiza bidoni, akakwangua ukutani kwa ndani. Kilipotoka, pamba ilikuwa ya kijani na yenye utelezi, kama kamasi.

"Eh!" alisema Mwanvua. "Hiyo imetoka wapi?"

"Mu bido yako. Vidole havifiki huko, kwa hiyo macho nayo hayafiki."

Aliupaka utelezi huo kwenye kioo, akageuza lenzi hadi kwenye ile kubwa kuliko zote, akatonesha mafuta kidogo.

"Mafuta ya mawese?"

"Hapana, mama. Haya ni ya lenzi. Ya mawese utanipikia siku nyingine."

Mwanvua aliinama. Leonidasi alipunguza mwanga. Nilimwona Mwanvua akishika ukingo wa meza.

"Kuko vijiti," alisema. "Vidogo, vidogo sana. Na vitone. Vinatetemeka. Kimoja kimepita mbio! Mwalimu, kimepita mbio! Kuko vingi, vingi, vimejaa. Haviko na nukta ndani."

"Umeona vizuri. Hao ni bakteria. Kila kimoja ni seli moja inayoishi peke yake. Haina kiini kama cha kitunguu wala cha shavu lako. Na ni ndogo sana. Kwenye nafasi ya chapati yako moja, bakteria mamia wanaenea."

"Na ndio waliomwangusha mutoto wangu?"

Hapa ndipo Leonidasi alipopata heshima yangu yote. Angeweza kusema ndiyo, akamaliza.

"Hao unaowaona hapa, siwezi kuwajua kwa majina," alisema. "Bakteria wengi hawana ubaya. Wengine wanagandisha maziwa, wengine wanalainisha muhogo ukiuloweka. Wengine wanaua. Kwa hadubini hii wanafanana. Ndiyo maana tulituma choo cha Nour Bujumbura. Huko wanawaotesha bakteria, kama weye unavyootesha mbegu, mpaka wanajulikana. Jibu limefika leo asubuhi. Ni kipindupindu."

Mwanvua alikaa kwenye kiti.

"Kipindupindu hakiwekwi mu andazi na jirani mwenye hasira," Leonidasi aliendelea polepole. "Kinatoka mu choo cha mugonjwa, kinaingia mu maji, kinaingia mu kinywa. Andazi limetoka mu mafuta ya moto. Ule moto unakiua."

"Lakini maji yangu yanatoka kilindini. Kule nani anaenda choo?"

Leonidasi alimwacha afikiri mwenyewe. Mwanvua alikunja uso kama anavyokunja akisoma neno refu, silabi moja kwa nyingine.

"Kassimu anasuuza bido mwaloni," alisema. "Pale watu wanaoga. Pale wengine wanajisaidia mu majani, kama hakuna choo. Pale wanafua nguo za wagonjwa." Akalitazama bido. "Maji yanatoka kilindini, lakini bido inatoka mwaloni. Na ile wiki, Kassimu aliharisha siku mbili. Alisema ni samaki."

"Mutu mukubwa anaweza kuugua kidogo tu, akapona," alisema Leonidasi. "Mutoto anakauka haraka. Siwezi kuapa kwamba ilipita njia hii. Lakini ndiyo njia inayoonekana."

"Mama Dusabe anachemsha maji yake," alisema Mwanvua. Dusabe ni mtoto wa kwanza wa Scovia. "Walifundishwa kambini. Nilikuwa ninamucheka. Nilimwambia anachoma makaa bure."

Hakuuliza swali lingine. Tulirudi nyumbani, naye amebeba bido tupu mbali na nguo zake.

Jioni hiyo nilisikia kelele kwao nikiwa barabarani.

"Sabuni inafukuza ndagala!" Kassimu alipaza sauti.

"Kwani weye unavua na bido?" Mwanvua alijibu. "Kama unavua na bido, nyavu uziuze."

Kassimu ni mtu mwema, lakini ni mbishi. Alibisha mpaka Mwanvua alipolikwangua bido mbele yake kwa pamba na kumwekea ule utelezi mkononi. Aliunusa. Hakubisha tena.

Siku hizi mambo yao yako hivi. Bido linatiwa maji ya sabuni na changarawe, linatikiswa kwa nguvu, halafu linasuuzwa kwa maji yaliyochemshwa. Haliendi tena mwaloni, wala ziwani; maji ya kilindini Kassimu anayaleta kwa dumu lingine. Maji ya kunywa yanachemshwa mpaka yatokote vizuri, hata kama ni maangavu, hata kama ni ya kilindini. Yakipoa yanamiminwa kwenye bido safi lenye kifuniko, na hakuna anayeugusa mdomo wake kwa kikombe wala mkono. Kila mtu ananawa kwa sabuni akitoka chooni na kabla ya kula. Miezi saba imepita, na hakuna aliyeharisha katika nyumba ile. Ndagala nao hawajakimbia. Kassimu anasema ni kwa sababu bado hawajapata habari.

Lakini ile Ijumaa, Jumamosi ilikuwa bado mbele yetu.

Shefu alikuja asubuhi na daftari lake. Kiwanja kilijaa. Wengine walipanda juu ya mawe waone vizuri. Scovia alikaa mbele ya mlango wake na watoto wake wawili. Vitu vyake alikuwa amevifunga tayari. Niliona kanga imefunga sufuria.

"Mwenye mashtaka aseme," alisema shefu.

Kassimu alitazama chini. Mwanvua ndiye aliyesimama, amemshika Nour mkono. Mtoto alikuwa bado amekonda.

"Nilisema mutoto wangu alilishwa sumu. Nilisema uongo. Sikujua ni uongo, lakini ni uongo. Ilikuwa kipindupindu. Na bido chafu ni ya kwangu. Nimeona na macho yangu mu mikroskope. Kama kuna mutu haamini, aje na bido yake, twende naye kwa labo."

Watu walinong'ona. Mama mmoja aliondoka, nadhani kwenda kuliangalia lake.

Shefu akamgeukia Scovia. "Umesikia. Unasemaje?"

Scovia hakusimama. "Nimesikia, na ninashukuru," alisema. "Lakini maneno ya kunichafua waliyasikia watu wote wa mtaa, hata wasiokuwepo hapa leo. Jamani, kuanzia leo nani atakubali kula kitu kilichotoka mkononi mwangu?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Kwetu mtu akishaitwa mrozi, yaani mlisha watu sumu, hata akisafishwa na shefu, mikono yake inaogopwa.

Mwanvua alivuka kiwanja. Alisimama mbele ya Scovia.

"Mama Dusabe, nina kiu," alisema. "Nipe maji."

Scovia aliingia ndani, akarudi na kikombe. Kwetu mwenye nyumba anaonja kwanza, ndipo anampa mgeni, ili mgeni ajue hakuna sumu. Scovia alikipeleka kikombe mdomoni ili aonje, kama ilivyo desturi.

Mwanvua alimshika mkono. Alikichukua kikombe kabla hakijafika midomoni mwa mwenzake. Akanywa nusu, watu wote wakitazama. Nusu iliyobaki akampa Nour.